Je, wajua? GeSeq, msaka jeni za jani

DNA ya jani la muhogo haikai yote kwenye kiini cha seli. Sehemu yake imo ndani ya mitokondria, na nyingine ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyopika chakula kwa mwanga wa jua. Hiyo ya kloroplasti ina herufi 161,453, na ilichapishwa nzima mwaka 2008.

Kusoma herufi siku hizi hakusumbui sana. Kinachosumbua ni kujua jeni ipi inaanzia wapi na inakomea wapi. Kazi hiyo hufanywa na GeSeq, programu iliyotolewa mwaka 2017 na watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Potsdam, Ujerumani. Mtafiti huipa DNA yake kupitia mtandao, nayo huilinganisha na jeni za mimea iliyokwisha kuchambuliwa. Panapofanana, huweka alama. Mwishoni mwenzake, OGDRAW, huchora ramani ya mviringo yenye rangi.

Jeni ndefu hazina taabu. rbcL, inayohusika na kunasa hewa ya kaboni, ina herufi zaidi ya 1,400. Hata programu ya kizamani itaiona. Kasheshe ni petB. Jeni hii imekatika vipande viwili, na kipande cha kwanza kina herufi 6 tu! Piga hesabu: DNA ina herufi za aina nne, kwa hiyo neno lolote la herufi 6 hutokea kwa bahati mara moja hivi katika kila herufi 4,096. Kwenye kloroplasti ya muhogo yatapatikana makumi yanayofanana nalo, na la kweli ni moja. Halafu kuna rps12, ambayo kipande chake cha kwanza kiko mbali kabisa na vingine. Seli huviunga baada ya kunakiliwa kuwa RNA.

Mitokondria za wanyama nazo zina vituko vyake, na programu yake maarufu ni MITOS. Kwa binadamu ni herufi 16,569 na jeni 37 tu, lakini TGA, ambayo kwenye kiini humaanisha “simama”, humo huita asidi amino ya triptofani.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi ni kielelezo kinachochaguliwa, yaani mmea wa kulinganishia. Tumbaku, iliyosomwa Japani mwaka 1986, imekuwa kielelezo cha wengi. Jeni yake ya atpF ina kipande katikati kinachokatwa na kutupwa. Muhogo umekipoteza kipande hicho. Anayeifuata tumbaku kibubusa atatafuta pengo lisilokuwapo. Akiweka kosa lake kwenye hifadhi ya GenBank, mwingine atalichukua kama kielelezo, na programu italirudia kwa uaminifu wote. Ndiyo maana GeSeq humruhusu mtumiaji kuchagua vielelezo kadhaa kwa mpigo, na wachambuzi makini bado hupitia mwanzo na mwisho wa kila jeni kwa macho yao.