Nani analipia nyumba za umma Marekani?

Marekani ina mamlaka za nyumba za umma zaidi ya 3,000, na kila moja inatumikia mabwana wawili. Sheria ya shirikisho ya nyumba ya mwaka 1937 iliziacha mikononi mwa miji na kaunti. Kwa kawaida meya ndiye huteua wajumbe wa bodi, na nyumba hazijengwi pale ambapo serikali ya mtaa haijaridhia. California ilikwenda mbali zaidi: tangu 1950 katiba yake inataka nyumba za aina hiyo zipigiwe kura na wakazi kwanza. Fedha za ujenzi, hata hivyo, na baadaye sehemu ya zile za uendeshaji, zilitegemewa kutoka serikali ya shirikisho, Washington. Mtu atadhani basi halmashauri haitoi kitu. Inatoa, ila sehemu kubwa ya mchango wake haipiti kwenye hundi.

Mchango huo uko kwenye makubaliano ya ushirikiano kati ya halmashauri na mamlaka ya nyumba. Mamlaka inasamehewa kodi ya majengo, ambayo ndiyo nguzo ya bajeti za miji ya huko, shule zikiwemo. Badala yake inalipa fidia ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 10 ya kodi ya pango inayokusanya, baada ya kutoa gharama za huduma kama maji na umeme. Wapangaji ni watu wa kipato cha chini, wanaotozwa karibu asilimia 30 ya mapato yao, kwa hiyo fidia hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na anacholipa mwenye jengo la jirani. Halmashauri nayo inaahidi kuzoa taka, kutunza barabara na kuleta polisi na zimamoto kama inavyowafanyia wakazi wengine. Kwa kuwa msamaha huu hautengewi fungu kila mwaka, ni rahisi kwa wanasiasa kusahau kwamba wanautoa.

New York ilisahau kwa gharama kubwa. Mamlaka yake, NYCHA, ilianzishwa mwaka 1934, miaka mitatu kabla ya sheria ya shirikisho, na leo ina nyumba zipatazo 177,000. Baada ya polisi wake kuunganishwa na polisi wa jiji mwaka 1995, ilibebeshwa malipo ya ulinzi yaliyofika dola milioni 70 hivi kwa mwaka, ilhali mwenye nyumba binafsi hadaiwi ankara ya polisi. Meya Bill de Blasio aliufuta mzigo huo kuanzia mwaka 2014, na baadaye ile fidia ya kodi. Kufikia hapo paa zilikuwa zinavuja na mitambo ya joto inazimika katikati ya baridi. Lawama kubwa ni ya Washington, iliyobana fedha za ukarabati kwa miaka mingi, lakini jiji lilikuwa likichota kwenye kisima kinachokauka. Mwaka 2019, baada ya kashfa ya rangi yenye madini ya risasi, jiji lilikubali msimamizi wa nje na likaahidi dola bilioni 2.2 kwa miaka 10. Tathmini ya mwaka 2023 ilisema ukarabati wa miaka 20 unahitaji zaidi ya dola bilioni 78. Weka tarakimu hizo mbili pamoja uone pengo.

Kujenga nyumba mpya za mfumo wa zamani nako kumefungwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza mamlaka kutumia fedha za shirikisho kuongeza idadi ya nyumba za umma kupita ilizokuwa nazo Oktoba 1999. Anayetaka kuongeza atafute njia nyingine.

Kaunti ya Montgomery, Maryland, pembeni ya Washington, imeipata njia hiyo, na ndiyo inayozungumzwa zaidi sasa. Jengo la kupangisha kwa kawaida hujengwa kwa mkopo wa benki pamoja na mtaji wa wawekezaji, na wawekezaji ndio ghali: wanataka faida nono, na wanamiliki jengo. Mwaka 2021 kaunti iliamua kuchukua nafasi yao. Ilianza na dola milioni 50 za hatifungani, kisha ikafikisha milioni 100, na fedha hizo inaikopesha mamlaka yake ya nyumba, HOC, kwa riba ya asilimia 5 wakati wa ujenzi, kwa muda usiozidi miaka mitano. Jengo likikamilika na kupata wapangaji, HOC inachukua mkopo wa muda mrefu, inaurudishia mfuko fedha zake, na jengo linalofuata linaanza. Ni kama upatu, tofauti ni kwamba anayepokea kila zamu ni yule yule.

Jengo la kwanza, The Laureate, lilifunguliwa mwaka 2023 karibu na kituo cha treni cha Shady Grove. Lina nyumba 268. Asilimia 30 zinapangishwa chini ya bei ya soko, zilizobaki zinalipa bei ya soko na kusaidia kubeba jengo zima. HOC ndiyo mmiliki mkubwa, kampuni binafsi ni mbia mdogo. Sheria ya kaunti pia inaipa HOC nafasi ya kununua majengo ya kupangisha yanapouzwa, msaada usiohitaji senti hadi siku ya kununua.

Seattle imepita kwa wapiga kura. Mwaka 2023 walikubali kodi ya majengo ya dola milioni 970 kwa miaka saba kwa ajili ya nyumba, na Februari 2025 wakaidhinisha waajiri watozwe asilimia 5 ya malipo ya mfanyakazi yanayozidi dola milioni moja, fedha ziende kwa chombo kipya cha umma cha kujenga nyumba.

Kwa maoni yangu, mfuko wa Montgomery unasifiwa kupita kiasi. Kaunti hiyo inakopa kwa riba nafuu kwa sababu ina daraja la juu kabisa la kukopesheka. Mji ambao viwanda vyake vimefilisika hauna daraja hilo. Halafu “nafuu” yake inapimwa kwa kipato cha wastani cha eneo, ambacho kwa familia ya watu wanne mwaka 2023 kilizidi dola 140,000. Hata nusu yake bado ni mshahara wa mwalimu, haifiki kwa mfagizi. Mfuko huo ni biashara nzuri kwa kaunti tajiri na wapangaji wa kipato cha kati. Mpangaji wa New York anayesubiri bomba litengenezwe atahitaji ruzuku, na sehemu kubwa ya ruzuku hiyo haina pa kutoka ila Washington.