Kipakatalishi cha Kupakatika: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Kiswahili Mwenye Fedha Chache

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kuuziwa jembe ambalo mpini wake ukivunjika, jembe zima hutupwa. Vipakatalishi vingi vya bei nafuu vinavyouzwa leo ni majembe ya namna hiyo, na ndiyo sababu mwanafunzi anayetaka kununua kimoja hana budi kuwa mchaguzi.

Kila mkopo wa HELB unapotoka, wapo wanachama wenzetu wanaonijia na swali lile lile: wanunue kipakatalishi kipi kilicho kidogo, chepesi na cha bei wanayoimudu? Aghalabu anayeuliza ana uwezo wa kununua mara moja tu katika miaka minne ya shahada yake. Akikosea, atamaliza masomo kwa kuazima. Nami nilikosea, kama nitakavyosimulia. Makala hii inanuia kueleza mambo anayopaswa kuyatazama mnunuzi wa aina hiyo, na inatetea rai moja: kwamba mwenye fedha chache ajinyime kwanza upya wa mashine, kabla ya kujinyima kumbukumbu, hifadhi au uwezekano wa kuitengeneza.

Jina na masharti yake

Tuanze na jina, maadamu sisi ni watu wa lugha. Kuhusu chombo chenyewe, wapo wanaosema kompyuta, wapo waliopendekeza ngamizi, na hapa Kenya tarakilishi imekita mizizi shuleni na katika vyombo vya habari. Kwa ile ya kubebwa, wengi wetu tumezoea kipakatalishi. Ndani ya neno hili mna kitenzi pakata, na anayepakatwa kwa kawaida ni mtoto: huwekwa mapajani akashikwa. Kwa hiyo jina lenyewe limekwisha kutoa masharti. Mashine ya kilo mbili na nusu, inayochoma mapaja kwa joto na isiyowaka mpaka ichomekwe ukutani, haipakatiki. Hiyo ni tarakilishi ya mezani iliyokunjwa. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayetoka bwenini asubuhi na kurudi usiku asibebe kitu kinachozidi kilo moja na nusu. Akumbuke pia kuupima uzito wa chaja, ambao wauzaji hawautaji kamwe.

Wazo la kuunda mashine ndogo ya bei ya chini lilipata nguvu mwaka 2007. Mwaka huo kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC 701, yenye skrini ya inchi 7, uzito usiofika kilo moja, hifadhi ya gigabaiti 4 pekee, na mfumo wa uendeshaji wa Linux. Mwaka huo huo iliundwa kwa wingi mashine ya kijani na nyeupe ya mradi wa One Laptop per Child. Nicholas Negroponte alikuwa ameutangaza mradi huo mwaka 2005 kwa lengo la kuuza kila mashine kwa dola 100, bei ambayo haikufikiwa. Mwaka 2008 Intel ikatoa prosesa za Atom zilizokusudiwa vyombo vya aina hiyo, na makampuni mengine yakaingia sokoni kwa kishindo. Kishindo hicho hakikudumu. Kufikia mwaka 2013 Asus ilikuwa imeacha kuunda Eee PC. Skrini yenye mistari 480 tu ya nukta ilionyesha robo ya ukurasa, kibodi zilibana vidole, na baada ya iPad kutoka mwaka 2010, aliyetaka kusoma tu alipata kitu kilichomfaa zaidi. Aliyebaki akihitaji chombo kidogo ni yule anayeandika, naye ndiye ambaye vyombo hivyo vilimhudumia vibaya zaidi.

Kosa langu

Warithi wa mashine hizo wangali madukani. Ni vile vipakatalishi vya inchi 11 au zaidi kidogo, vipya, vya rangi za kupendeza, vyenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4 na hifadhi ya gigabaiti 32 au 64. Nilinunua kimoja mwaka 2017, nikiwa mwaka wa kwanza. Kilikuwa cha rangi ya samawati, ndani ya katoni yake, na kilikuwa chepesi kiasi kwamba mara mbili nilifungua mkoba njiani kuhakikisha hakijaibwa.

Mfumo wa uendeshaji peke yake ulikuwa umemeza zaidi ya nusu ya zile gigabaiti 32. Mwaka uliofuata ulitaka kusasishwa, na nafasi haikutosha. Nikafuta picha, kisha mihadhara, kisha vitabu. Katika mwaka wa tatu nilikwenda nyanjani kurekodi bembelezi kwa ajili ya mradi wa fasihi simulizi. Hapa inafaa msomaji afanye hesabu ambayo mimi sikuifanya. Sauti isiyobanwa, inayorekodiwa kwa ubora wa diski ya CD, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani megabaiti 600 kwa saa. Saa 20 za mahojiano ni gigabaiti 12. Mimi sikuwa na hata 6. Nilihamishia rekodi katika kipakatalishi, nikazifuta kwenye kinasa sauti ili nipate nafasi ya kurekodi zaidi, na usiku wa nne mashine ikakataa kuwaka.

Fundi aliifungua mbele yangu akanionyesha tatizo. Hifadhi haikuwa kifaa cha kuchomolewa. Ilikuwa imelehemiwa kwenye ubao mkuu pamoja na kumbukumbu, na ubao ulikuwa umekufa. Kama ingekuwa diski ya kawaida, angeichomoa na kuisoma kwenye mashine nyingine kwa dakika tano. Nilipoteza nyimbo zote za bibi mmoja aliyekuwa ameniimbia kwa siku mbili. Nilipopata nauli ya kurudi kwake, miezi saba baadaye, alikuwa amekwisha kufariki. Kosa la kutohifadhi nakala ya pili lilikuwa langu, nami silikani. Hata hivyo, chombo kilichofanywa kisifunguke kililifanya kosa hilo lisisameheke.

Kinachopaswa kutazamwa

Kutokana na tajriba hiyo, jambo la kwanza ninalomhimiza mnunuzi kuuliza ni hili: nini ndani ya mashine hii kinaweza kuchomolewa? Kumbukumbu ni upana wa meza unayofanyia kazi, nayo hifadhi ni kabati. Meza ikiwa nyembamba, huwezi kufungua tasnifu, kamusi, makala mbili za PDF na wavuti kwa pamoja bila mashine kuanza kukokota miguu. Kwa matumizi ya leo, gigabaiti 8 za kumbukumbu ndizo za kuanzia, na hifadhi iwe ya aina ya SSD, isiyopungua gigabaiti 256. Ukikosa fedha za kufikia viwango hivyo sasa, nunua mashine yenye nafasi ya kuongezea baadaye. Hapo ndipo mtumba unapoishinda mashine mpya.

Katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue jijini Nairobi kuna vipakatalishi vinavyoitwa “ex-UK”, jina ambalo siku hizi hutumiwa hata kwa vilivyotoka kwingineko. Vingi vilikuwa vya maofisi ya ng'ambo, yanayobadilisha mashine zote kwa pamoja baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima. Viliundwa kwa watumishi wanaosafiri, kwa hiyo ni vyepesi na imara, na kwa kuwa maofisi yana mafundi wao, aghalabu hufunguka kwa bisibisi ya kawaida. HP EliteBook 830 G5 ya mwaka 2018, kwa mfano, ina skrini ya inchi 13.3, uzito unaoanzia kilo 1.33, na nafasi mbili za kumbukumbu zinazochomolewa. Mwaka 2023 nililipa shilingi 28,000 kwa moja, bei iliyokaribiana na ile ya kijisamawati changu cha awali. Si kila mtumba uko hivyo: Lenovo ThinkPad X280, ya mwaka huo huo wa 2018 na nyepesi zaidi, ina kumbukumbu iliyolehemiwa. Anayeipenda kwa wepesi wake ainunue ikiwa tayari na gigabaiti 8 au 16, kwani hataweza kuziongeza.

Umri wa prosesa nao una uzito wake. Kwa prosesa za Intel Core za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari huonyesha kizazi: i5-7200U ni ya kizazi cha 7, nayo i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Tofauti ya hizi mbili si ya namba tu. Ya kwanza ina viini viwili na ya pili ina vinne. Aidha, Windows 11 kwa kawaida huzikubali rasmi prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anayekupunguzia bei ya EliteBook 820 G3, yenye prosesa ya kizazi cha 6, anajua hivyo, nawe ujue.

Je, mashine ya kizazi cha 6 itupwe? La hasha. Anayekubali kutumia Linux ataitumia kwa miaka mingi, pamoja na programu ya LibreOffice isiyolipiwa. Na hapa sisi Waswahili tuna ujamaa wa zamani na programu za namna hiyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka katika shina hilo la OpenOffice. Tahadhari ni moja tu: msimamizi wako akirejesha sura ikiwa na maoni pembeni katika Word, mpangilio wake unaweza kuyumba ukiifungua kwingine. Zungumzeni mapema.

Kuhusu Chromebook, sina mengi. Ni nyepesi, hazina usumbufu, na zinamfaa anayeishi karibu na intaneti. Kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa megabaiti, na ambaye nyanja yake ya utafiti ni kijiji chenye mtandao wa kubahatisha, mimi nisingemshauri.

Dukani

Enda mchana, usiwe na haraka, na ubebe diski ya flashi yenye faili zako mwenyewe. Fungua sura ndefu uliyoiandika, uipitishe juu chini, kisha ufungue ukurasa wa mswada uliopigwa picha. Skrini ya nukta 1366 kwa 768 itakuonyesha herufi za Kiarabu za utenzi wa kale zikiwa zimesongamana. Ile ya 1920 kwa 1080 itakupa nafasi ya kuweka mswada upande mmoja na unukuzi wako upande wa pili.

Kibodi ijaribiwe kwa kuandika, si kwa kubonyezabonyeza. Andika sentensi yenye ng'ombe, dhahabu, ghala na thamani. Kitufe cha ritifaa kikiwa kimelegea, ng' yako itakusumbua maisha yako yote. Kisha andika q na x peke yake, kwa sababu Kiswahili Sanifu hakizitumii na jaribio lako litakuwa limezipita, ilhali nywila yako huenda ikazihitaji.

Betri ndiyo mahali penye udanganyifu mwingi. Usikubali kuambiwa kwamba “inakaa na chaji”. Katika Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashine itatoa taarifa inayoonyesha ujazo ambao betri iliundwa nao na ujazo wake wa sasa. Ikiwa iliundwa na wati-saa 48 na leo hujaa 24, umebakiwa na nusu. Kwa kazi ya kuandika, mashine ya aina hii hutumia takriban wati 8, kwa hiyo wati-saa 24 ni kama saa tatu. Hizo zinatosha mihadhara ya asubuhi. Pungufu ya hapo, dai bei ya betri nyingine iondolewe kwenye bei ya mashine. Hatimaye iwashe upya uone kama itadai nywila kabla hata mfumo haujaanza. Ikidai, kufuli ya ofisi iliyokuwa nayo haijaondolewa. Iache hapo hapo.

Ukiridhika, omba risiti yenye muda wa dhamana, na uhakikishe namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine imeandikwa juu yake, tarakimu kwa tarakimu. Utaihitaji kurudi kwa muuzaji, na kabla ya hapo utaihitaji jioni hiyo hiyo, bawabu wa lango la chuo atakapokufungulia mkoba na kukuuliza mashine ni ya nani.