Kiswahili ni Lugha Rasmi, Lakini Samansi Yaja kwa Kiingereza

Mzee mmoja jirani yangu hapa Mombasa alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana bahasha ya kaki. "Mwanangu, hebu nisomea hii. Wanitakani hawa?" Ilikuwa samansi ya korti, juu ya kiwanja alichorithi kwa babake. Ilikuwa imekaa kabatini siku 12, kwani mzee alidhani ni bili ya kodi ya ardhi na alikuwa akimngoja mwanawe arudi safari amlipie. Siku alizopewa za kujibu zilibakia tatu.

Msomaji asidhani mzee huyu hakusoma. Amehitimu Kurani, na barua zake huziandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu tangu kabla ya Mwingereza kutawala pwani hii. Ni karatasi ile tu iliyomfanya mjinga.

Nilipokuwa nikimfasiria, nilikumbuka maneno mazuri tuliyoambiwa juu ya lugha hii. Katiba ya uhuru ilimtaka mbunge ajue Kiingereza. Tarehe 4 Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta akatangaza kwamba Bunge litumie Kiswahili. Hata hivyo miswada ya sheria ilibakia kuandikwa kwa Kiingereza; yaani Kiswahili kikawa cha kusemea na Kiingereza cha kuandikia. Mwaka 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mijadala.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tulishangilia, na haki yetu kushangilia. Lakini hebu fungua kifungu cha 259. Hapo waambiwa kwamba ikiwa nakala za Katiba katika lugha mbalimbali zinahitilafiana, itakayofuatwa ni ya Kiingereza. Lugha rasmi ni mbili, ila moja ina neno la mwisho. Na sheria ya taratibu za kesi za jinai yasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Hiyo "au" ndiyo inayotumaliza.

Wako wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sheria. La hasha! Hakimu, wakili, shahidi, dhamana, hukumu, wakfu, mirathi: maneno haya yalikuwa vinywani mwa watu wetu kabla Nairobi haijajengwa. Wenzetu wa Tanzania mwaka 2021 walibadilisha sheria yao, wakasema lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Kazi hiyo si nyepesi, nakiri, maana sheria ni nyingi na wafasiri ni wachache. Lakini kazi ngumu huanzwa ili iishe.

Wala simlilii Mswahili peke yake. Siku tuliyokwenda kortini tulikaa ubaoni na mama wa Kigiriama, kijana wa Kikamba na bwana mmoja kutoka Kisii. Wote tuliulizana habari kwa Kiswahili, tukagawana maji ya chupa moja, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya Kiingereza mkononi. Yule kijana ndiye aliyetusomea wengine namba za vyumba na majina ya kesi. Umoja wa taifa tunaouhubiri kila sikukuu ulikuwa pale ubaoni. Mlango ulipofunguliwa, kila mtu akaingia na mkalimani wake.

Wakili alituandikia majibu, kwa Kiingereza bila shaka, na akamweleza mzee kila aya kwa Kiswahili safi kabisa, hata nikajiuliza kwa nini asingeiandika vivyo hivyo. Mzee aliposhika kalamu alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri wa madrasa. Karani wa dirishani aliitazama ile karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee," akasema kwa adabu, "hujui kuandika? Basi weka kidole."

Mzee akanitazama, kisha akanyosha kidole gumba.