Nanasi bivu si adui wa mja mzito

Ukitoka mjini Thika, hata kabla gari halijashika kasi, unakutana na mashamba ya mananasi yanayoenea hadi macho yachoke. Katika mji huo huo namjua mama mmoja aliyebeba mimba miezi tisa bila kuonja hata kipande kimoja cha tunda hilo. Mama mkwe wake alikuwa amemwonya kwamba nanasi hutoa mimba. Wakati huo kliniki ilikuwa imemwambia kwamba damu yake imepungua, naye akawa anakula maharagwe na sukumawiki kwa bidii, kisha anateremshia kwa kikombe cha chai.

Makosa hapo yalikuwa mawili, na yote mawili ni ya kawaida katika nyumba nyingi nchini.

Tuanze na la damu. Madini ya chuma yanayojenga damu yamo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani kama terere, lakini mwili huyapokea kwa shida kuliko yale yaliyomo katika nyama. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo huyageuza yakawa katika hali ambayo utumbo unaweza kuyafyonza kwa urahisi. Majani ya chai hufanya kinyume: huyashika madini hayo, mengi yakapita na kutoka bila kumfaa mlaji. Yule mama alikuwa akila chakula cha damu na kukizuia papo hapo.

Gramu 100 za nanasi bivu, ambazo hata hazijazi kikombe cha chai, huwa na takriban miligramu 48 za vitamini C. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, na 55 kwa mja mzito. Kwa hivyo vipande viwili baada ya githeri vinatosha, na chai ingoje saa moja au zaidi. Tembe za kuongeza damu zinazotolewa kliniki zisiachwe. Nanasi husaidia, halichukui nafasi ya dawa.

Sasa hofu ya mimba kutoka. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ndicho mojawapo ya vitu vinavyofanya ulimi uwashe ukila sana, na ndicho kinacholainisha nyama ngumu iliyolowekwa katika maji ya nanasi. Watu walipoona nguvu hiyo wakadhani hata mtoto tumboni hayuko salama. Lakini bromelaini nyingi imo katika shina la mmea na katika kile kiini kigumu cha katikati, si katika nyama ya tunda tunayokula. Hakuna ushahidi kwamba mwanamke aliyekula nanasi bivu kwa kiasi cha kawaida hupoteza mimba kwa sababu hiyo. Vidonge vya bromelaini vinavyouzwa madukani ni jambo jingine, na mja mzito asivimeze bila kumwuliza daktari. Nanasi changa nalo liachwe na kila mtu, kwani linaweza kumtapisha mlaji na kumwendesha.

Kimeng'enya hicho hakivumilii moto. Ndiyo sababu nanasi la mkebeni, ambalo hupashwa moto ili lisioze, haliwashi ulimi kama lile lililokatwa sasa hivi. Sehemu ya vitamini C nayo hupungua. Mkebe mara nyingi huongezewa sukari pia, na sijui ni kwa nini mtu wa nchi hii anunue sukari hiyo ilhali tunda lenyewe liko sokoni.

Madaktari wameitumia bromelaini kwa njia ya kushangaza. Dawa iliyotengenezwa kutokana nayo, ya kuondoa ngozi iliyokufa kwa mtu aliyeungua, iliidhinishwa barani Ulaya mwaka wa 2012 na nchini Marekani mwaka wa 2022. Hiyo ni dawa iliyosafishwa na inayotumiwa hospitalini, kwa hivyo msomaji usije ukapaka nanasi kwenye jeraha. Na wale wanaotangaza kwamba nanasi huyeyusha mafuta ya kitambi wanapotosha: kimeng'enya hiki huvunja protini, si mafuta.

Hatari ninayoiona mimi iko kwenye steji za matatu. Kipande kilichokatwa tangu asubuhi, kikamwagiwa maji ya ndoo isiyojulikana ilikochotwa na kutembelewa na nzi, kinaweza kumletea mtu homa ya matumbo au kipindupindu. Tulikuwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, na ulisambaa hadi kaunti nyingi. Nunua nanasi zima. Lioshe maganda kwa maji safi kabla ya kulikata, maana kisu hubeba uchafu wa nje hadi ndani.

Liwe la Thika, la Bureti au la Malindi, linuse sehemu ya chini. Lisiponukia, liache; nanasi likishachunwa haliongezi utamu, hata ukiliweka wiki nzima hugeuka rangi tu na kulainika.

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia ale kidogo na ajiangalie, kwani lina asidi. Mwenye kisukari hakatazwi, ila apime kiasi na ale tunda lenyewe badala ya kunywa maji yake. Anayevimba midomo au kutokwa na vipele kila akila, aache na amwone daktari.

Lililobaki lifunikwe na kuwekwa katika friji, nalo litakaa siku tatu hivi. Asiye na friji alimalize siku hiyo hiyo, na watoto wa jirani watamsaidia.