Mzigo usiopita forodha

Mwaka 2010, runinga ya watoto ya BBC nchini Uingereza ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni za hadithi za wanyama wa Afrika. Mtindo wa michoro ulitokana na kazi za Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam; ufundi wa kompyuta ulifanyika Nairobi. Mzigo huo haukupanga foleni Namanga.

Kijana wako akitamani kazi hii, kabla ya kulipa ada uliza kama chuo kinafundisha pia mikataba na hakimiliki. Mchoraji anayelipwa kwa siku ni kama mbeba mizigo: akishatua, ujira umeishia hapo. Mwenye hakimiliki ndiye mwenye mali, na anaweza kuuza katuni ileile Kampala, Kigali na kwingineko.