Majani machungu na ini letu

Juma hili tuliongea katika kikao chetu juu ya dawa za miti. Tulipouliza nani ana bidoni ya majani nyumbani, karibu mikono yote ilipanda. Kongo bololo ya malaria, aloe vera ya tumbo, maganda ya kusafisha damu kisha kuzaa. Mmoja akaongeza vidonge vya "asili" vya kupunguza tumbo, alivyouziwa na jirani. Tukacheka. Kisha mwingine akaeleza habari ya dada yake, tukanyamaza.

Macho ya dada huyo yaligeuka manjano. Nyumbani wakasema ni nyongo, wakamwongezea dawa chungu: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Hopitalini muganga akauliza, "Umekunywa dawa gani?" Familia ikajibu, "Hakuna." Waliona haya. Siku tatu zilipita ndipo mama mkwe akaleta bidoni. Alipona, lakini polepole sana.

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Macho yakiwa manjano, tunaongeza dawa, na kumbe ni ini linalolia. Kila tunachokunywa, cha famasi au cha porini, kinapitia kwenye ini. Kuna majani yenye sumu inayoziba mishipa midogo ya damu ndani yake. Aloe vera, na chai ya kijani iliyokolezwa katika vidonge vya kupunguza mwili, zimeshawaletea watu hepatiti. Ni kweli, manjano yanaweza kutoka kwa malaria au hepatiti B. Lakini jicho la mama haliwezi kutofautisha, damu ipimwe.

Kwa majirani zetu wa Uganda, wilayani Rakai, watafiti waliwauliza watu majani wanayotumia, wakawapima ini kwa mashine. Matokeo yalitoka mwaka 2012: kati ya wenye virusi vya UKIMWI, waliotumia majani ya jamii fulani walionekana kuwa na makovu zaidi kwenye ini. Hiyo haisemi kila jani ni sumu. Inasema tu kwamba "ni ya asili" si jibu.

Sisi wa Beni na Butembo tunajua pia bei ya kuchelewa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wengi wenye homa walipitia kwanza vituo vya tradi-moderne, ambako majani na sindano vilikuwa chini ya paa moja. Ugonjwa ukaenea humo, hata kwa watoto wadogo waliopelekwa kwa malaria. Hatuwatukani waganga wa kienyeji. Bibi zetu walitulea kwa majani hayo hayo.

Basi ukiona macho manjano, mkojo mweusi, kuwashwa mwili mzima au kichefuchefu kisichoisha, simamisha kila dawa ya miti na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye mimba na mtoto mchanga wasipewe kabisa bila kuuliza. Usichanganye bidoni na parasetamoli nyingi, maana nayo ikizidi inaumiza ini. Na beba ile bidoni, hata kama inanuka.

Kikao kijacho, kisha likelemba, muuguzi atakaa nasi. Kila mama alete tawi la jani analotumia. Hakuna atakayegombezwa.