Kusoma Udongo: Kutoka Kilimani Hadi Mbugani

Leo hatutaandika barua. Tutajifunza jinsi ramani ya udongo inavyotengenezwa, na kwa mfano wetu twende Usukumani, kusini ya Ziwa Viktoria.

Tusimame juu ya kilima cha mawe ya matale. Mawe hayo huoza polepole sana kwa jua na mvua, na kuwa mchanga na mfinyanzi. Mvua ikinyesha, mchanga mzito hubaki karibu na mawe, bali chembe nyembamba za mfinyanzi huchukuliwa na maji mpaka bondeni.

Haya, tuteremke. Karibu na mawe tunakanyaga kichanga. Wasukuma hukiita luseni. Ni chepesi kwa jembe, nacho hufaa muhogo na karanga. Chini zaidi jembe linagonga tabaka gumu. Hapa ni itogolo, malisho ya ng'ombe na mahali pa majaruba ya mpunga. Mwisho tunafika mbugani, penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. (Mwenda peku huihisi tofauti hiyo kabla ya mwenye viatu.) Vukeni bonde, mpande kilima cha pili: mtaukuta mpango ule ule, lakini kinyume.

Wakulima waliyajua hayo tangu zamani, ndiyo maana wakayapa majina. Mtaalamu Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliueleza mpango wa namna hiyo mwaka 1935, akauita katena, neno la Kilatini, maana yake mnyororo. Yeye alikuwa na shida moja. Alitaka kuchora ramani ya Afrika Mashariki nzima, na katika ramani kama hiyo kijiji hakizidi nukta. Angewezaje kuonyesha kila ukanda wa udongo? Basi, badala ya kuchora kila pete, aliuonyesha mnyororo mzima kama kitu kimoja.

Msidhani kazi hii ni ya kalamu tu. Mpimaji huchimba shimo la kumfika kifuani na kutazama rangi za tabaka. Kisha hulowesha udongo kidogo na kuuviringisha kiganjani. Ukikubali kuwa kamba nyembamba bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Picha za ndege husaidia, lakini ndege haichimbi.

Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walitafuta mahali pa mashamba makubwa ya karanga. Walizunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa, na sehemu nyingi walizitazama kutoka ndegeni. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kazi Kongwa, Tanganyika. Sasa, udongo wa Kongwa ukikauka hushikana kama saruji, na karanga, kama mjuavyo, huzaa chini ya ardhi. Zilikwama humo humo. Mvua nayo haikutosha. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, pauni karibu milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Kwa somo lijalo, kila mmoja alete konzi tatu za udongo: moja ya mlimani, moja ya mteremkoni, moja ya bondeni. Kila konzi ifungwe katika karatasi yake, na juu yake mwandike wenyewe jina la mahali ilipotoka. Kwaherini.